Milima ya Karatasi na Upepo wa Ncha za Dunia

Kazi yangu ya depo ilianza Jumatatu ya kwanza ya Septemba, saa mbili kasoro robo asubuhi, na sikuiomba. Madame Espérance, anayetufundisha didaktiki, yaani mbinu za kufundisha, alikuwa amemwambia kila msichana wa mwaka wa kwanza wa pedagojia asome aya moja kwa sauti, ili ajue nani ataweza kusimama mbele ya watoto. Zamu yangu ilipofika nilisoma. Mimi niliisikia sauti yangu vizuri. Yeye aliniambia nianze, na mimi nikamwambia nimekwisha maliza.

Darasa lilicheka. Madame hakucheka. Alifunga kitabu chake, akasema, "Noella, enda kwa Odette. Utasaidia depo."

Naandika haya kwa ajili yenu mnaoshika depo mwaka huu, kwa sababu mimi nimemaliza mwaka wa nne na ufunguo nimeurudisha. Sitaandika juu ya pointi wala nani alikuwa wa ngapi. Hayo yalibandikwa kwenye mlango wa ofisi na mvua imekwisha yasoma. Nitaandika mambo ambayo mtu hawezi kuyakuta mlangoni.

Mnajua tayari kwamba sisi tunasomea ualimu, na kwamba tunajifunzia kazi kwa watoto wa shule ya msingi ng'ambo ya uwanja. Mnajua pia sheria ya Madame: hakuna somo bila vifaa. Ukifundisha figo, lete figo. Ukifundisha volkano, lete volkano. Ndiyo maana kuna depo, kile chumba kirefu chini ya ngazi ambamo vifaa vinatengenezwa na kulindwa, pamoja na ngoma za kwaya ambazo hakuna anayejua nani alizileta.

Ya Odette, kama tunavyomwita dada mkubwa, alikuwa finalisti wa mwaka wa nne mwaka ule, binti wa Nyangezi mwenye mikono mikubwa. Aliniuliza jina. Nikalisema.

"Nani?"

Nikalisema tena.

"Sawa," akasema. "Nitakuita Weye. Weye, shika hii sufuria."

Aliniita Weye hadi Krismasi. Ndani ya sufuria mlikuwa na unga wa muhogo uliopikwa na maji mengi mpaka ukawa gundi. Unachana magazeti ya zamani, unayalowesha, unayabandika juu ya mifupa ya kartoni, tabaka kwa tabaka, na kila tabaka unaliacha likauke. Mtu wa haraka anapata mlima wenye ukungu tumboni. Ya Odette alikuwa akigonga kila mlima kwa kidole kama mtu anayegonga nanasi sokoni, na kama mlio haukumpendeza aliukata akaanza upya. Hakuwahi kueleza mlio unaotakiwa ni upi. Niliujua baada ya miezi, na sasa mimi pia siwezi kuueleza. Gongeni tu.

Jambo jingine alilonifunza ni kwamba mfano mmoja lazima ufanye kazi ya masomo mengi, kwa sababu chumba ni kidogo na magazeti hayatoshi. Figo yetu ilikuwa pia haragwe linaloota. Kilimanjaro tulikigeuza tukapata shimo la mgodi. Jitahidini kuona kitu ndani ya kitu kingine. Mtaokoa nafasi.

Juu ya panya: wanapenda muhogo, na hawajali jiografia. Likizo ya Pasaka ya mwaka wangu wa kwanza walikula Himalaya, wakianzia upande wa Nepali. Ya Odette alitazama mabaki akasema, "Wenzetu wamefika juu kabisa." Tangu hapo tulitia pilipili ndani ya gundi. Panya waliacha. Lakini siku ya somo la Ruwenzori watoto wote wa mstari wa mbele walipiga chafya mpaka mwisho, na msichana aliyefundisha alipoteza mpango wake. Tieni kidogo.

Nilipenda kazi hiyo. Nilikuwa nimepata mahali shuleni ambapo mtu anaweza kuwa wa maana bila kufungua mdomo. Wenzangu walikuja mlangoni wakisema wanachotaka, mimi nilitikisa kichwa kukubali, na kesho yake kilikuwepo. Masomo yangu ya mazoezi nilifundisha nikiwa karibu nyuma ya mfano wenyewe, na kwa kuwa mifano ilikuwa mizuri, Madame aliandika "vifaa: vizuri sana" na akavumilia mengine.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa Antaktika. Mwaka wangu wa pili, Ya Odette akiwa amekwisha ondoka na depo ikiwa mikononi mwangu, msichana mmoja wa mwaka wa nne aliniomba nchi ya barafu ya kusini. Nilikwenda kuangalia ramani ya ukutani. Pale chini kabisa, ncha ya kusini ni ukanda mweupe mrefu, kutoka kona hii hadi kona ile, kama pindo la kitambaa cha altare. Nikatengeneza ukanda. Ulikuwa bapa, mrefu kuliko meza, na niliupaka chokaa mara mbili.

Madame aliuona kabla ya somo. Aliuzunguka. Akauliza, "Noella, hii ni nini?"

"Antaktika, Madame."

"Hapana. Hii ni ubao wa kupigia pasi."

Akachukua chungwa la mtu fulani juu ya dirisha, akalimenya kwa vipande virefu toka juu hadi chini, vilivyoshikana katikati, akaninyooshea ganda lote juu ya meza. Kile kipande kidogo cha chini ya chungwa, pale linapokaa, kilikuwa kimechanika na kutawanyika upande wote wa chini wa ganda. Sikuhitaji maneno zaidi. Mchora ramani alikuwa amelivuta duara likawa mstari ili karatasi iwe na pembe nne. Kumbe hata wasichana walionitangulia walikuwa wametengeneza ukanda uleule. Nilikuta mmoja nyuma ya ngoma, umevunjika katikati.

Ndipo nikaanza kusoma juu ya ncha za dunia, kwanza kwa aibu, halafu kwa sababu jambo lenyewe ni zuri. Na nikakuta kwamba tulikuwa nazo zote mbili ndani ya depo tayari.

Mnaujua mfano wa Ziwa Kivu, ule ubao mkubwa wenye bonde la maji katikati, milima ya upande wa Kalehe, milima ya ng'ambo, na rasi za Bukavu zinazoingia majini kama vidole. Ukiuangalia bila kisiwa chake cha Idjwi, ambacho kinatolewa, hiyo ni ncha ya kaskazini: bahari katikati, iliyoganda juu, na nchi kavu zimeizunguka na milima yake. Sasa chukua kisiwa cha Idjwi peke yake, kikuze, kiinue, kivike barafu nene mpaka kiwe paa la nyumba, na ukiweke katikati ya beseni la maji. Hiyo ni ncha ya kusini: nchi kavu katikati, bahari pande zote. Baridi ni moja, jua ni lilelile dogo la pembeni. Tofauti ni umbo.

Na umbo ndilo linalofanya hali ya hewa ya huko itulie au isitulie. Juu ya kila ncha, wakati wa baridi, upepo unazunguka kama pete na kuifungia baridi ndani. Kaskazini pete hiyo inapita juu ya milima na nchi kavu, inasukumwa toka chini, inayumba kama gurudumu la baiskeli ya toleka lililopinda. Ikiyumba sana, baridi inamwagika kwenda kwa watu, na joto linaingia ncha yenyewe. Ndiyo maana msimu mmoja wa baridi wa kule haufanani na mwingine. Kusini pete inazunguka juu ya bahari tupu, haina cha kugonga, kwa hiyo inakaza na kutulia zaidi. Isipokuwa kwamba nchi ile si duara safi. Barafu yake imeinuka juu zaidi upande mmoja, na upande mwingine ina rasi yenye milima inayotoka kama mkia. Karibu na pale ndipo hali inapobadilika sana mwaka hadi mwaka.

Haya yote niliyajua mwaka wa pili. Niliyajua kimya.

Mwaka wa nne ulifika. Kila finalisti wa pedagojia anatoa somo moja la mtihani mbele ya Madame na mwalimu wa darasa lenyewe. Ukilikosa, unapewa nafasi moja ya kurudia. Ukikosa tena, unarudi mwaka mzima, hata kama hesabu na Kifaransa umepita, na mara nyingi wanakushauri ubadilishe seksioni, yaani tawi la masomo. Mada zinaandikwa kwenye vikaratasi na kutiwa ndani ya kofia. Nilifungua changu: umbo la nchi na hali ya hewa ya ncha za dunia, darasa la sita. Aimée, jirani yangu wa benchi, alikuwa amepata kuku na faida zake. Aliniangalia kwa huruma ya mtu mwenye kuku.

Mimi sikuogopa. Nilikuwa na ziwa, nilikuwa na kisiwa, na nilikuwa na wazo. Nilitaka kuonyesha kwamba hewa baridi ni nzito na inateremka. Kila mtu wa kwetu ameliona hilo asubuhi, moshi wa mbabula, jiko la makaa, unapoanguka taratibu kwenye korongo kuelekea ziwani wakati jua halijatoka. Antaktika ni hivyo, ila mlima wake ni barafu na korongo lake linaishia baharini. Upepo unaoshuka huko unaweza kumwangusha mtu. Kwa hiyo nilihitaji barafu ya kweli. Nchi yangu ya kusini ilitegemea umeme wa mtaa wetu. Maman mmoja anayegandisha jusi ya tangawizi kwenye vifuko vya sashe alinikubalia sufuria ndani ya friji yake, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika, na asubuhi ya somo nilipata kuba moja zuri lenye ladha ya tangawizi.

Somo lilikwenda hivi. Niliweka kuba juu ya Idjwi. Nikawasha kipande cha ubani juu yake. Moshi ulilala, ukateremka juu ya barafu pande zote, mwembamba, mweupe, ukafika maji na kutandaa. Watoto walisimama kwenye benchi ili waone. Hata mwalimu wao alisimama. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kuliko kile, na nadhani sitatengeneza tena.

Baadaye Madame aliniita kwenye korido.

"Vifaa ni kamili," akasema. "Nimeuliza watoto wanne wamejifunza nini. Mmoja alisema barafu. Mmoja alisema ubani ni wa misa. Mmoja alisema inanukia tangawizi. Wa nne aliniuliza yule mademoiselle ni bubu?"

Nilipangusa majivu ya ubani kwenye vidole.

"Moshi ulifundisha, Noella. Weye haukufundisha. Umekosa. Utarudia Ijumaa ijayo, mada ileile, watoto walewale." Akaanza kuondoka, kisha akageuka. "Bila vifaa. Usilete kitu chochote toka depo."

Ninawaambia hili bila uchungu. Alikuwa na haki. Lakini siku ile nilikwenda depo, nikafunga mlango kwa ndani, nikakaa kati ya ngoma. Nilifikiri kwamba wamemwambia mvuvi aende ziwani bila pirogi. Nilifikiri pia juu ya seksioni ya ushonaji, ambayo haina watoto.

Kwa siku kadhaa nilijaribu kusema kwa nguvu. Nilikwenda nyuma ya nyumba yetu nikasema "ncha ya kaskazini" mbele ya ukuta. Kuku wa jirani hakugeuka. Kaka yangu alipita akauliza kama naumwa jino.

Jumatano maman aliniambia nimsindikize sokoni. Maman yangu ni mtu wa Kalehe, anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, fungu kwa fungu. Nimekaa kando yake tangu utoto, lakini siku ile nilimwangalia kwa njaa ya mtu anayetaka kuiba kazi. Pande zote mama wengine walikuwa wanaita wateja kwa sauti zinazofika Kavumu. Yeye hakuita. Mtu akipita alimnyooshea beseni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Papa, nishikie hii kidogo."

Na papa alilishika, kwa maana huwezi kumkatalia maman mwenye beseni zito. Maman akainama, akapanga jani, akapangusa meza, hana haraka. Papa amesimama na samaki wa watu mikononi. Hawezi kwenda. Anaanza kuwatazama.

"Hizi ni za leo?" akauliza mwenyewe.

"Unaziona ginsi gani?"

"Zinaonekana za leo."

"Basi, weye mwenyewe njo umesema."

Alinunua mafungu mawili. Nilimuuliza maman kwa nini haiti kama wengine.

"Mutu hasikii juu unapiga kelele," akasema. "Anasikia juu mikono yake iko na kazi. Na weye unashika nini hapo? Funika samaki, nzi wanakula."

Nilifunika samaki. Njiani kurudi nilikuwa tayari nahesabu mabenchi ya darasa la sita.

Ijumaa niliwakuta watoto wamekaa wanasubiri tangawizi. Madame alikuwa nyuma na karatasi yake juu ya goti, karibu na mwalimu wa darasa. Mbele alikaa Nsimire, msichana mwenye mdomo mkubwa ambaye kila darasa linamwogopa, hata walimu. Aliniangalia mikono mitupu.

"Mademoiselle, leo haukuleta kitu?"

Nilisema hapana.

"Nini?"

"Hapana," nikasema. Halafu nikafika kwenye benchi lake, nikashika ncha moja. "Nsimire. Nishikie hii."

Alishika kabla hajafikiri. Tulilibeba nje hadi uwanjani, yeye akirudi nyumanyuma, na wengine wakaona wameachwa. "Na sisi?" wakauliza. Nikawaonyesha mabenchi yao. Ndani ya muda mfupi darasa lote lilikuwa limetoka mlangoni mfano wa siafu wanaohama.

Madame alitoka nyuma yao. "Noella. Nilisema bila vifaa."

Nilijua kwamba akisema neno moja zaidi nimekwisha.

"Si vifaa, Madame," nikasema. "Ni mabenchi yao. Yalikuwa hapa mbele yangu."

Aliyazunguka mabenchi. Kisha akakaa juu ya moja. "Hii moja ni yangu," akasema. "Endelea."

Nilichora kwa kisigino duara kubwa katika vumbi. Nikachagua watoto wachache wachuchumae katikati. "Ninyi ni baridi. Muko mnalala. Mukiona nafasi, mutoke." Wengine wote nikawaambia washikane mikono wazunguke juu ya mstari. "Ninyi ni upepo. Musiachane." Na mabenchi nikayapanga juu ya mstari wenyewe, hapa na pale, mahali pengine mawili yamepandana. "Hii ni milima. Hii ni kaskazini. Mutapita juu."

"Juu ya mabenchi, Mademoiselle?" Nsimire akauliza. "Mwalimu anakatazaka."

"Upepo haumuulizi mwalimu," nikasema, na mwalimu wao akakohoa.

Walikimbia. Benchi la kwanza walilivuka kwa heshima. La pili, aliyekuwa mbele akaruka, aliyemfuata akasita, mikono ikaachana, pete ikapinda kama mkanda uliokatika, na baridi watatu wakatoka wakipiga kelele mpaka kwenye bomba la maji. Upande mwingine watoto wawili wa upepo walijikuta ndani ya duara bila kujua wameingia vipi.

"Simameni," nikasema. Hakuna aliyesimama. Nikasema tena, na hiyo ya pili ilitoka toka mahali ambapo sikuwahi kuitoa sauti, chini ya mbavu. Wakasimama wote. Nadhani nilishtuka kuliko wao.

"Baridi imefika wapi?"

"Iko kwa bomba inakunywa."

"Na hao wawili?"

"Banaingia ndani," Nsimire akasema. "Hao njo joto?"

"Njo joto. Nani alikata pete?"

Walimwonyesha kidole mtoto aliyesita, ambaye alilalamika kwamba ni benchi. Nikamwambia ana haki, ni benchi. Tukarudia. Safari hii pete ilikatikia mahali pengine, na mara ya tatu haikukatika hata kidogo. Nikawauliza kama naweza kuwaambia kesho itakatikia wapi. Walifikiri. Walisema hapana. Nikasema watu wa kaskazini nao wanatafuta jibu hilo, na wana mashine kubwa.

Halafu nikaomba mabenchi yote yaletwe katikati, yapangwe pamoja, na baridi wakae juu yake. "Sasa ni kusini. Mulima uko kati. Upepo unapita kwa bahari." Walizunguka tena. Hakuna aliyesita. Walikwenda kwa kasi mpaka vumbi likapanda, mikono imekaza, na wale wa juu ya mabenchi wakaanza kulalamika.

"Mademoiselle, tumefungiwa."

"Ndiyo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka jua lirudi. Kule linachelewa."

Wakacheka. Nikachukua benchi moja, safari hii Nsimire alikuja bila kuitwa, tukalisogeza lianzie kwenye rundo na kutokeza hadi juu ya mstari, kama mkia. Nikawaambia wazunguke. Pete ilifika pale ikasita. Ikazunguka, ikafika tena, ikasita tena. Upande wa pili, karibu na ukuta wa kanisa, ilikuwa nzima kila mara.

Nsimire alisimama mwenyewe, akawasimamisha wote, akawa anavuta pumzi. "Lakini Mademoiselle. Sasa iko inasumbukia fasi moja tu, hapa."

"Kwa sababu gani?"

"Juu benchi iko fasi moja." Akaangalia rundo, akaangalia mkia. "Kule ingekuwa duara muzuri, haingesumbuka."

Hilo ndilo lilikuwa lengo la somo, neno kwa neno karibu, na sikulisema mimi. Nililirudia tu kwa sauti ili walioko mbali walisikie.

Mtoto mmoja wa baridi, aliyekuwa amekaa kimya juu ya mabenchi muda wote, aliinua mkono. Aliuliza: kama mlima wa kule ni barafu, na barafu ikayeyuka, mlima unakuwa mfupi, sasa upepo utapita wapi? Nilimwambia upepo utabadili njia, kwa sababu umbo limebadilika. Njia gani hasa, nikamwambia, sijui. Alionekana kuridhika zaidi na sijui kuliko na jibu.

Kengele ikalia, watoto wakakimbilia nyumbani kama baridi ya kaskazini, na uwanja ukabaki na mabenchi na alama za miguu.

Madame aliita watoto wanne kabla hawajafika mlango wa nje. Niliwaona wakieleza kwa mikono, mmoja akizunguka mwenzake, mwingine akijifanya benchi. Sikusikia walichosema. Madame aliandika, akafunga kalamu, akaja.

"Umepita," akasema. "Somo halikuwa na utaratibu, hakukuwa na muhtasari ubaoni, na mtoto mmoja amechubuka magoti. Nimeyaandika yote hayo."

"Ndiyo, Madame."

"Na mabenchi haya?"

Wingu lilikuwa limekwisha funika upande wa mlima Kahuzi. Nilianza kuyabeba, mvua ikanikuta na la pili. Mengine niliyasukuma chini ya baraza.

Kesho yake, Jumamosi, maana shule ya msingi inasoma hata siku hiyo, nilirudi mapema, sauti yangu ikiwa inakwaruza. Nilipangusa matope, nikayaingiza mabenchi moja moja darasani na kuyapanga mistari. Watoto wakaanza kufika. Waligombana ni benchi lipi lilikuwa mkia, na Nsimire akapanda juu ya moja akisema yeye ni ncha ya kusini na hatoki.

Mwalimu wao alikuwa bado hajafika. Barabara ilikuwa imejaa maji. Nilisimama mbele nikawaambia wakae. Nsimire alishuka, wakakaa. Nikachukua chaki, nikawauliza jana kabla ya mimi kuwatoa walikuwa wamefika wapi kwenye hesabu, na tukaendelea toka hapo.